Mvuke wa Vepu Si Maji: Jua Unachokivuta

HUENDA umekiona mkononi mwa kijana aliyeketi kando yako katika matatu, au kwenye meza ya mkahawa katikati ya jiji. Ni kifaa kidogo cha rangi ya kupendeza, mfano wa kalamu nene au flashi ya kompyuta. Mwenyewe hukitia mdomoni, akavuta, kisha akapuliza wingu jeupe lenye harufu ya embe au peremende. Ukimwuliza ni kitu gani, aghalabu atakujibu: "Huo ni mvuke tu. Ni maji na manukato, hauna madhara."

Jibu hilo si la kweli. Wingu lile si sawa na mvuke utokao katika birika la chai. Ni matone madogo mno ya kioevu kilichopashwa moto, na katika kioevu hicho mna kemikali kadhaa, kila moja ikiwa na kazi yake. Katika makala haya tutakifungua kichupa hicho na kukitazama kiungo kimoja baada ya kingine. Uwe mzazi, mwalimu, mvutaji wa sigara au kijana unayeshawishiwa na wenzako, yafaa uamue ukiwa unajua unachoamua.

Kifaa chenyewe

Sigara ya kielektroniki, ambayo vijana huiita vepu, ilibuniwa kwa umbo lake la kisasa na mfamasia wa Uchina aitwaye Hon Lik mwaka wa 2003. Tangu hapo maumbo yake yamebadilika mara nyingi, lakini mwili wake una sehemu nne zile zile: betri, waya mwembamba uliosokotwa ambao hupata moto, utambi wa pamba, na kihifadhi cha kioevu.

Mtu anapovuta, betri huupasha moto waya, nao waya huchemsha kioevu kilichofyonzwa na utambi. Ukiwahi kuona taa ya mafuta ya taa utaielewa kazi ya utambi huo mara moja. Tofauti ni kwamba hapa hakuna mwali. Kioevu hakiungui bali hugeuka kuwa wingu la matone, nalo huingia moja kwa moja mapafuni.

Kanuni moja ya kukumbuka

Kabla ya kuvitaja viungo, hapana budi tuelewane juu ya jambo moja, kwa kuwa ndilo ufunguo wa somo hili lote. Wauzaji wengi husema kwamba viungo vya vepu ni salama kwa sababu hutumika katika vyakula na dawa. Ni kweli kwamba vingi vyavyo hutumika hivyo. Lakini kitu kilicho salama tumboni si lazima kiwe salama mapafuni.

Tumbo limeumbwa kupokea vitu vya kila namna. Lina asidi kali ya kusaga chakula, na kinachopita hapo hufika kwenye ini, ambalo huchuja sumu nyingi kabla hazijasambaa mwilini. Mapafu hayana kinga ya namna hiyo. Yana mamilioni ya vifuko vidogo vya hewa vyenye kuta nyembamba sana, ili hewa safi ipenye upesi na kuingia kwenye damu. Kitu chochote kingine kikifika hapo hupenya kwa urahisi uo huo. Unga wa ngano ni chakula, lakini waokaji mikate wanaouvuta puani kila siku huweza kuugua pumu kwa sababu yake. Kumbuka mfano huo tunapoendelea.

Propilini glikoli

Hiki ni mojawapo ya viungo viwili vinavyochukua sehemu kubwa ya kichupa. Ni kioevu chepesi kisicho na rangi wala harufu, kinachotengenezwa viwandani, aghalabu kutokana na mafuta ya petroli. Hutumika katika vyakula, vipodozi na baadhi ya dawa za maji, na pia katika mashine zinazotoa moshi wa bandia jukwaani wakati wa tamasha. Ndani ya vepu kazi yake ni kubeba ladha na nikotini, na kumpa mvutaji ule mkwaruzo kooni anaoujua mvutaji wa sigara.

Pengine umesikia watu wakisema kwamba haya ni yale maji yenye sumu ya kupozea injini ya gari. Hilo si sahihi. Kemikali yenye sumu inayotumika sana kupozea injini ni ethilini glikoli, ambayo ni ndugu yake tu. Hata hivyo, propilini glikoli nayo ina kasoro zake. Hufyonza maji, kwa hiyo hukausha mdomo na koo na kuamsha kikohozi. Wasanii na mafundi wanaofanya kazi katika moshi wa jukwaani wamepata kulalamikia mambo hayo hayo.

Hatari kubwa zaidi huja pale kioevu hiki kinapokuwa si safi. Kina ndugu mwingine mwenye sumu aitwaye diethilini glikoli, ambaye huharibu figo. Mwaka wa 2022 sumu hiyo ilipatikana katika dawa za kikohozi nchini Gambia, na zaidi ya watoto 60 wakafariki. Mapema zaidi, mwaka wa 2009, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilipima vihifadhi 18 vya sigara za kielektroniki, na kimoja kikakutwa na sumu iyo hiyo. Funzo ni kwamba kiungo huwa salama kwa kadiri ya uaminifu wa kiwanda kilichokitengeneza. Kichupa kisicho na jina la kiwanda hakina dhamana yoyote.

Gliserini

Kiungo cha pili kikubwa ni gliserini ya mimea. Hii unaijua. Ndiyo gliserini inayouzwa dukani, ambayo akina mama wengi hupaka ngozi isikauke wakati wa baridi ya Julai. Hutolewa katika mafuta ya mimea kama vile michikichi, soya na nazi. Ni nzito, ina utamu kidogo, nayo ndiyo inayofanya lile wingu liwe kubwa na zito.

Sababu inayofanya gliserini iifae ngozi ni kwamba huvuta maji na kuyashikilia. Mdomoni na kooni hufanya vivyo hivyo, na ndiyo maana watumiaji wengi wa vepu hulalamika kwamba wana kiu. Zaidi ya hayo, gliserini ikipata moto mwingi kupita kiasi huvunjika na kuwa kemikali nyingine. Tutalirudia jambo hilo hapa chini.

Nikotini

Hapa ndipo penye moyo wa biashara yote. Nikotini hutolewa katika jani la tumbaku, au hutengenezwa maabarani. Ikivutwa hufika ubongoni kwa sekunde chache tu. Huko huzindua kemikali za raha, huongeza mapigo ya moyo na kupandisha shinikizo la damu. Raha hiyo haidumu. Ikiisha, ubongo hudai nyingine, na huo ndio mwanzo wa utumwa.

Ubongo wa binadamu huendelea kukomaa hadi umri wa miaka 25 hivi. Kijana anayezoea nikotini mapema huweza kupata shida ya kutulia, kusoma na kujitawala, na mazoea hayo humshika kwa nguvu kuliko mtu mzima. Kwa mama mjamzito, nikotini hupita na kumfikia mtoto tumboni, na huweza kudhuru ukuaji wa ubongo na mapafu yake.

Zamani nguvu ya nikotini ilijizuia yenyewe. Nikotini ya kawaida huchoma koo ikizidi, hivyo mvutaji hulazimika kupunguza. Kuanzia mwaka wa 2015 kampuni ya Marekani, Juul, iliieneza nikotini ya chumvi. Siri yake ni kuitia nikotini asidi, hasa asidi ya benzoiki, ikatuliza ukali wake kama ndimu inavyotuliza magadi. Matokeo ni kwamba mtu aweza kuvuta kiasi kikubwa pasipo kukohoa. Kwa hiyo ukimwona kijana anavuta bila kukwaruzwa koo, usidhani kwamba nikotini ni kidogo. Huenda ikawa ni nyingi mno.

Ladha na ubaridi

Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka wa 2023 kwamba ladha zipatazo 16,000 zimekwisha kuuzwa. Embe, stroberi, vanila, kola, keki: hizo si ladha zilizobuniwa kwa ajili ya mzee aliyevuta sigara kwa miaka 30. Zinamlenga mteja mpya.

Ladha hizo ni kemikali za viwanda vya vyakula, na nyingi hazikupata kupimwa kwa kuvutwa. Mfano mashuhuri ni diasetili, ambayo hutoa harufu ya siagi. Mwaka wa 2000, katika mji wa Jasper, jimbo la Missouri nchini Marekani, wafanyakazi wanane wa zamani wa kiwanda cha bisi waligunduliwa kuwa na ugonjwa mbaya unaoziba mirija midogo ya mapafu, usioweza kurudi nyuma. Chanzo kilikuwa ni mvuke wa ladha ya siagi waliouvuta kazini. Si kula bisi hizo kulikoleta ugonjwa huo. Tofauti ilikuwa njia iliyopitia, na hapo ndipo unapoiona ile kanuni yetu ya tumbo na pafu.

Mwaka wa 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walipima vioevu 51 vya vepu vyenye ladha, wakaikuta diasetili katika 39. Yafaa kusema kwa haki kwamba kemikali hiyo imo pia katika moshi wa sigara, na kwamba haijathibitishwa kuwa vepu imewaletea watu wengi ugonjwa ule wa Missouri. Lakini Uingereza haikungoja uthibitisho huo. Tangu mwaka wa 2016 hairuhusu diasetili itiwe katika vioevu vya vepu.

Ladha ya mdalasini nayo ina kemikali iitwayo sinamaldehaidi. Majaribio ya maabara yameonyesha kwamba hudhoofisha vinyweleo vidogo ndani ya njia ya hewa, vile vinavyofagia makohozi na vumbi. Mentoli na kemikali nyingine za ubaridi huifanya koo isihisi maumivu, hivyo mtu huvuta kwa kina zaidi. Sukralosi, ambayo ni sukari ya bandia, hutiwa ili mdomo uonje utamu, lakini huungulia kwenye waya na kuacha utando mweusi.

Moto hubadili mambo

Orodha iliyo kwenye kichupa huonyesha kilichotiwa kiwandani, bali wewe huvuti kioevu kikiwa baridi. Unakivuta baada ya moto, na moto hubadili vitu, kama kila mpishi ajuavyo.

Gliserini na propilini glikoli zikipashwa moto kupita kiasi hutoa fomaldehaidi, asetaldehaidi na akrolini. Fomaldehaidi ndiyo inayotiwa katika formalini, ile dawa ya kuhifadhia maiti mochari, nayo mwaka wa 2004 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiorodhesha miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu. Akrolini ndiyo ule moshi mkali unaokutoa machozi mafuta ya kukaangia yanapoungua kikaangoni.

Kiasi cha kemikali hizi hutegemea moto. Utambi ukikauka, au waya ukichakaa, au nguvu ya betri ikipandishwa sana, huongezeka upesi. Isitoshe, waya wenyewe ni wa madini. Watafiti wamepata chembe za nikeli, kromiamu na risasi katika wingu la vepu, na hakuna kichupa kinachoorodhesha risasi kuwa kiungo.

Visivyoandikwa

Mwaka wa 2019 hospitali za Marekani zilianza kupokea watu, wengi wao vijana, waliokuwa wakishindwa kupumua. Kufikia Februari 2020, watu 2,807 walikuwa wamelazwa au kufariki kwa ugonjwa huo, na waliofariki walikuwa 68. Uchunguzi ulielekeza lawama kubwa kwa asetati ya vitamini E, mafuta mazito yaliyotiwa na wauzaji wa magendo katika vioevu vyenye kiungo cha kulevya cha bangi. Vitamini E twaila na kujipaka bila shida. Katika mapafu ikaua.

Kwa hiyo usikubali kamwe kioevu kilichochanganywa mitaani, wala kutia mafuta ya aina yoyote katika kifaa hiki. Fahamu pia kwamba neno "haina nikotini" si dhamana. Katika uchunguzi ule wa mwaka wa 2009, nikotini ilikutwa hata katika vihifadhi vilivyoandikwa kwamba havina.

Jinsi ya kusoma lebo

Chukua kifaa au kichupa na utafute mambo matatu.

Kwanza, nguvu ya nikotini. Huandikwa kwa miligramu katika mililita moja, au kwa asilimia. Hesabu yake ni rahisi: asilimia 1 ni miligramu 10 kwa mililita. Basi asilimia 2 ni miligramu 20, na asilimia 5 ni miligramu 50. Sheria ya Muungano wa Ulaya ya mwaka wa 2014 iliweka kikomo cha miligramu 20.

Pili, kiasi cha kioevu. Zidisha hiki kwa nguvu ya nikotini. Kifaa cha mililita 2 chenye asilimia 5 kina miligramu 100 za nikotini. Cha mililita 10 chenye asilimia iyo hiyo kina miligramu 500. Mvutaji wa sigara moja ya kawaida hupata mwilini miligramu 1 hadi 2 hivi. Si nikotini yote ya kifaa itakayoingia mwilini, lakini sasa waweza kuelewa ni kwa nini kijana asiyewahi kushika sigara huamka usiku akikitafuta kifaa chake. Sigara huisha baada ya dakika chache na kuzimwa. Vepu haina mwisho ulio wazi.

Tatu, uwiano wa vile vioevu viwili, kwa mfano 50 kwa 50, au 70 kwa 30. Gliserini ikizidi, wingu huwa kubwa. Propilini glikoli ikizidi, koo hukwaruzwa zaidi. Ikiwa lebo haionyeshi mambo haya, wala jina la mtengenezaji, basi umeshika kitu usichokijua.

Je, si afadhali kuliko sigara?

Swali hili lastahili jibu la haki. Moshi wa sigara una kemikali zaidi ya 7,000, na takriban 70 kati ya hizo husababisha saratani. Vepu haichomi tumbaku, kwa hiyo haina lami wala ile hewa ya sumu ya kaboni monoksidi. Kwa mtu mzima ambaye tayari anavuta sigara, akiiacha kabisa na kuhamia vepu, sumu anazovuta hupungua sana. Baadhi ya wavutaji wamefaulu kuacha sigara kwa njia hiyo.

Lakini sharti ni neno lile "kabisa". Anayevuta sigara asubuhi na vepu jioni hajajiokoa. Kwa asiyevuta chochote, ulinganisho huo haumhusu. Yeye hatoki kwenye hatari kubwa kwenda kwenye ndogo, bali anatoka kwenye hewa safi na kuingia hatarini. Mvutaji anayetaka kuacha aweza pia kumwuliza daktari au mfamasia juu ya plasta na ubani wa nikotini, ambavyo Shirika la Afya Duniani liliviweka katika orodha ya dawa muhimu mwaka wa 2009, na ambavyo havipitii mapafuni.

Nchi jirani ya Uganda ilipiga marufuku uuzaji wa sigara za kielektroniki kwa sheria yake ya mwaka wa 2015. Hapa Kenya, Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka wa 2007 hukataza kumwuzia bidhaa za tumbaku aliye chini ya miaka 18, na uvutaji wa shisha ulipigwa marufuku Desemba 2017.

Nyumbani mwako

Ikiwa kuna kichupa cha kioevu hiki nyumbani, kiweke mahali palipofungwa, mbali na watoto. Kina rangi na harufu ya sharubati, na mtoto mdogo hajui tofauti. Nikotini ikimezwa ni sumu. Dalili zake ni kutapika, mate mengi, jasho, kupauka na kutetemeka, na mtoto aweza kushikwa na kifafa na kupoteza fahamu. Usimlazimishe kutapika. Mkimbize hospitalini mara moja na uchukue kichupa, ili daktari ajue nguvu yake. Kioevu kikimwagikia ngozi, vua nguo iliyolowa na uoshe kwa sabuni na maji mengi. Kikiingia jichoni, suuza kwa maji safi kwa dakika 15, kisha umwone daktari.

Na ikiwa umekikuta kifaa katika mkoba wa mwanao, usianze na kiboko. Kichukue, soma lebo, fanya ile hesabu, kisha keti naye na umwonyeshe. Vijana wengi huamini kweli kwamba wanavuta maji yenye ladha, kwa sababu ndivyo walivyoambiwa na aliyewauzia. Mwulize amekitumia kwa muda gani, na hujisikiaje akikaa kutwa nzima bila kukivuta. Akisema huwa na hasira, kichwa humwuma au usingizi hupotea, hizo ni dalili kwamba nikotini imekwisha kumshika, na anahitaji msaada zaidi ya adhabu. Mpeleke kwa daktari au mshauri, au piga simu bila malipo kwa NACADA, nambari 1192.

Dalili hizo huwa kali zaidi katika siku za kwanza, kisha hupungua wiki baada ya wiki. Kaa karibu naye katika siku hizo. Akizivuka, sehemu ngumu imepita.